Kaskazi ya huku ina mvua: niliyofunzwa na vilima vya Mahé

Njia ya kupanda kilima cha Copolia haifiki kilometa mbili. Mtu wa Mombasa akisikia hivyo hucheka, maana kwake hiyo si safari, ni kwenda sokoni Kongowea na kurudi na fungu la mchicha. Lakini hapa Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni kama saa nzima ya kupanda kwa aliyezoea, na asiyezoea huchukua zaidi, tena akimlaumu aliyemleta njia nzima. Ndiyo sababu wageni wakiniuliza njia fulani ina kilometa ngapi, siwajibu moja kwa moja. Nawauliza wamevaa viatu gani, wana muda gani, na mvua ilikatika saa ngapi.

Mimi ni fundi wa stima, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Kilichonileta Shelisheli ni ujenzi. Wakenya hapa tuko wengi: walimu, wauguzi, mafundi, watu wa mahoteli. Siku sita ni kazi. Jumapili mji mkuu, Victoria, hulala. Maduka mengi yamefungwa, soko kimya, na ule mnara mdogo wa saa uliosimamishwa mwaka 1903 unabaki na watalii wawili watatu wanaoupiga picha. Mtu akishatoka kwenye ibada yake, amebakiwa na bahari au mlima. Bahari nimekua nayo. Mlima ulikuwa mgeni kwangu, maana Kisauni kilima kirefu zaidi nilichokijua ni lundo la kokoto.

Kikundi chetu kilijikusanya chenyewe. Kuna dada muuguzi wa Kakamega, kuna mwalimu wa Tanga ambaye sote twamwita Mwalimu hata siku ya mapumziko, na kuna kijana seremala wa Kericho ambaye mdomo wake hauna breki. Wengine huja na kwenda.

Mahé ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilometa 27, na katikati yake ni mgongo wa mawe. Ukisimama Victoria mlima unauona juu ya paa za nyumba. Kilele cha juu ni Morne Seychellois, mita 905, na mbuga ya taifa yenye jina hilohilo, iliyotengwa mwaka 1979, imechukua zaidi ya sehemu moja kwa tano ya kisiwa chote. Barabara ya Sans Souci hutoka mjini, ikapanda kwa kona kali kali, ikavuka mgongo huo na kushukia Port Glaud upande wa pili. Njia nyingi za kupanda zinaanzia kandokando ya barabara hiyo. Kwa hiyo basi la abiria hukufanyia nusu ya kazi. Tatizo ni kwamba Jumapili mabasi ni ya kuhesabu, na usiporudi barabarani kwa wakati utashuka hadi mjini kwa miguu, ukiyapisha magari kwenye kona ambazo hazina pa kukwepea.

Copolia ndiyo njia ninayompeleka kila mgeni kwanza. Unaingia msituni, unateremka kidogo, halafu unapanda katikati ya mizizi na mawe. Harufu ya kwanza unayoipata ni mdalasini. Nilidhani ni mtu amepita na pilau. Kumbe mdalasini hapa umeota kama magugu, mti juu ya mti. Uliletwa na Wafaransa mwaka 1772 kwa ajili ya bustani ya viungo huko Anse Royale, na husimuliwa kwamba mwaka 1780 bustani ile ilichomwa moto na walinzi wake wenyewe, walipoona meli wakadhani ni ya Waingereza, kumbe ni ya Wafaransa wenzao. Bustani iliungua, lakini ndege walikuwa wameshaisambaza mbegu. Leo watu wa hifadhi wanaulalamikia mdalasini kwa kuisonga mimea ya asili, na papo hapo mizizi yake ndiyo inayoshika udongo kwenye miteremko. Kwa mpandaji una sifa moja tu mbaya: majani yake makavu ni magumu na yana utelezi, na yakilala juu ya jiwe hujui umekanyaga nini.

Karibu na kilele msitu unakatika ghafla. Unapanda ngazi fupi, unatokea kwenye jiwe tupu, pana, lililolala kwa mteremko. Wenyeji wanaliita glasi. Umefika karibu mita 500, na chini yako kuna Victoria yote, bandari, mitambo ya upepo inayozunguka, Eden Island iliyojengwa juu ya bahari iliyofukiwa, na nyuma yake kisiwa cha Sainte Anne na vidogo vyake. Kila mtu anatoa simu. Na hapo ndipo watu huanguka.

Jiwe hili silo la kwetu. Mombasa tumejenga kwa matumbawe na tumetembea juu ya matumbawe, jiwe lenye meno. Litakukata lakini halitakuangusha. La Mahé ni graniti ya miaka kama milioni 750, kipande cha bara la kale kilichobaki peke yake katikati ya bahari, na limesuguliwa na mvua hadi likawa laini kwenye mgongo. Likiwa kavu linashika kiatu vizuri kuliko lami. Likilowa ni habari nyingine.

Aliyenifunza kulisoma ni mzee mmoja wa hapa aliyefanya kazi ya misitu ujana wake. Nilimkuta kilele cha Copolia amekaa, amevaa ndala, mwavuli kando. Aliniangalia nikitembea kwa mbwembwe, akaniita.

“Mwanangu, unaona michirizi ile myeusi?”

“Naiona, mzee.”

“Hiyo ndiyo njia ya maji. Ule weusi ni uhai, umeota pale maji yanapopita. Hata jua likiwaka, usiukanyage. Kanyaga penye kijivu.”

Tangu siku hiyo siangalii mteremko, naangalia rangi. Kijivu kikavu, twende. Michirizi myeusi, tunaizunguka hata kama ni hatua ishirini zaidi. Palipolowa kote, tunakaa kitako na kusubiri, kwa sababu upepo wa juu hukausha glasi haraka sana ukipewa nafasi. Kijana wa Kericho alisema anaona aibu kusubiri jiwe likauke. Mwalimu akamwambia aibu haijavunja mtu nyonga.

Wakati wa kusubiri ndipo nilipouona mmea ambao watu wengi huukanyaga bila kujua. Pembezoni mwa glasi, kwenye udongo haba kati ya mawe, kuna kitu kinatambaa chenye majani manene. Ncha ya jani inatoka uzi, na uzi unaishia kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, cha kijani kinachoelekea wekundu. Nilichutama nikachungulia ndani bila kugusa. Mlikuwa na maji kidogo, mna sisimizi waliokufa, na mna viluwiluwi vya mbu vilivyokuwa vikicheza ndani ya maji hayohayo yaliyowaua sisimizi. Ni mmea unaokula wadudu, kwa sababu udongo wa pale hauna cha kuupa. Wataalamu wanauita Nepenthes pervillei, na duniani kote hauoti kwa asili popote ila Shelisheli. Tangu hapo mtu akitaka kuteremka kwenye glasi kwa ajili ya picha nzuri, namwonyesha kwanza vikopo. Wengi hurudi wenyewe.

Kuhusu wanyama, Wakenya huja na hofu iliyo sahihi kwa Kenya. Swali la kwanza ni nyoka. Nyoka wapo, wa aina mbili za asili, na hakuna hata mmoja wa kumdhuru mtu. Hakuna chui, hakuna nyati, hakuna nyani wa kukupora mkate. Huu ni msitu ambao unaweza kupita kwenye majani bila kupiga fimbo mbele. Lakini ukijiachia kabisa, kuna wawili watakaokukumbusha. Mmoja ni tandu, ambaye hulala chini ya mawe na magogo, kwa hiyo usitie mkono usipoona. Wa pili ni nyigu wa manjano, hujenga chini ya majani ya mitende kwenye kimo cha uso. Ukishika jani ili ujivute juu, umeshika nyumba ya watu. Buibui mkubwa mwenye utando wa dhahabu katikati ya njia anatisha kwa sura tu, mpitie chini.

Na kuna chura ambaye ukimsikia utadhani ni mdudu. Yuko kwenye misitu ya juu yenye unyevu, na akikomaa ana kama sentimita moja tu, anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi inabaki. Mayai yake huyataga nchi kavu, na yakianguliwa hutoka vyura kamili, hakuna viluwiluwi. Mwaka 2013 wanasayansi walieleza kwamba hana sikio la kati, na anasikia kwa kutumia uwazi wa mdomo wake. Mwalimu alilipenda hili kupita kiasi, akalifanya somo la wanafunzi wake.

Sasa nije kwenye upepo, ambao ndio ulionivuruga zaidi.

Sisi wa pwani tumelelewa na pepo mbili. Kaskazi, Desemba hadi Machi: jua kali, bahari imetulia, ndio msimu majahazi yalikuwa yakishuka kutoka Arabuni. Kusi inaingia Aprili, na masika yanakuja nayo. Kwetu Mei ndio mwezi wa kuziba paa. Hilo nimelijua kabla sijajua kusoma. Mahé iko digrii nne na kitu kusini ya ikweta, sawa na Mombasa, na pepo ni zilezile mbili. Basi nikadhani Januari ni wakati wa kutembea.

Kaskazi ikivuka ikweta kuja huku hupinda. Inavuma kutoka kaskazini-magharibi, imezoa unyevu wa bahari, ikigonga ule mgongo wa mawe inaumwaga wote. Januari ndio mwezi wenye mvua kubwa kuliko yote Mahé. Mwezi mkavu ni Julai, katikati ya kusi, wakati ambapo mvuvi wa Mombasa anaivuta mashua juu na kulalamika. Kwa mwaka Victoria hupata kama milimita 2,300, karibu mara mbili ya Mombasa, na vileleni ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo kalenda yangu ilibidi niigeuze: Mei hadi Septemba tunapanda, Desemba hadi Februari tunapiga soga barazani, au tunaenda njia za chini, na hata hizo baada ya siku mbili tatu za ukavu.

Wenyeji hili hawalifanyii mchezo. Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha miteremko kaskazini mwa kisiwa, nyumba zikafukiwa na watu wakafa, na tarehe 7 ukatokea mlipuko mkubwa eneo la viwanda la Providence. Nchi ikatangaziwa hali ya hatari. Tangu hapo nikiona udongo mwekundu umejimwaga barabarani baada ya mvua, sihitaji kuambiwa nirudi nyumbani.

Upepo huamua pia upande gani wa kisiwa uende. Chukua njia ya Anse Major. Inaanzia Danzil, pale barabara ya Bel Ombre inapoishia, inafuata ubavu wa mlima juu ya bahari hadi ufuo ambao gari halifiki. Hakuna mwinuko wa kutisha, watoto wanaiweza. Adui wa njia hii ni jua, kwa sababu sehemu kubwa unatembea juu ya glasi wazi, na kufikia saa tano asubuhi jiwe limepata moto chini na jua linakupiga juu. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado nyuma ya mlima. Kusi inapovuma, mlima unaukinga ufuo ule, maji yametulia, unaogelea. Kaskazi inapovuma, mawimbi yanakuja moja kwa moja kutoka upande huo, na umetembea saa nzima kuja kuyatazama tu. Nimekutana na watalii pale, Januari, wamekasirika, wanasema kwenye picha hapakuwa hivyo. Picha ilipigwa Julai.

Morne Blanc ni fupi kuliko Copolia na kali kuliko Copolia. Inaanzia kwenye mashamba ya chai, barabara ya Sans Souci upande wa Port Glaud, karibu na kiwanda. Sasa mpeleke mtu wa Kericho kwenye shamba la chai la Shelisheli uone. Kijana wetu alisimama, akashika kiuno, akazungusha kichwa kutafuta shamba liko wapi. Alipoambiwa ndilo hilo, alicheka hadi akaketi. “Hii kwetu ni ya mama kunywa na majirani,” akasema. Baadaye kwenye kibanda cha chai alikunywa vikombe viwili vya ile yenye vanila na hakutoa maoni.

Ukishaipita chai, njia inasimama wima. Hakuna mapumziko, hakuna pa tambarare. Unapanda kwa kushika mizizi, ukungu unakuja na kwenda, na kadiri unavyopanda miti inakuwa mifupi na imevaa kuvu na mwani hadi matawini. Kilele ni mita 667, na pale mlima unakatika kama uliopigwa panga. Chini kuna pwani ya magharibi yote, na visiwa vya Thérèse na Conception. Ukungu ukiingia huoni hata kiatu chako, na sheria yetu ni kwamba ukungu ukifika kila mtu anakaa pale alipo, hakuna kusogea wala kutafuta mwenzio. Kwa kawaida haupiti dakika nyingi.

Tulipanda vizuri. Ni kushuka ndiko kulikotuponza. Kijana alikuwa mbele, anaruka kutoka mzizi hadi mzizi, anatusimulia mbio za shuleni. Mzizi mmoja ulikuwa umelowa. Tulisikia kimya kwanza, halafu ukelele.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimejikunja. Mimi nikataka kumvua kiatu tuone. Dada muuguzi akanizuia mkono.

“Kakangu, acha kiatu. Ukikivua, mguu ukivimba hakirudi, na huyu ana mlima wa kushuka.”

Akafungua begi lake, akatoa leso. Nilikuwa nimeshamcheka kwa leso ile, kwa maana kila safari alikuja nayo na sikuwahi kuona akijifunga. Aliikunja pembe kwa pembe, akaikunja tena ikawa mkanda wa upana wa kiganja. Akaanzia chini ya unyayo, palepale mbele ya kisigino, kiatu kikiwa mguuni. Akaleta ncha mbili juu, akazivusha mbele ya kifundo, akazipeleka nyuma juu ya kisigino, akazirudisha mbele, akazipitisha ndani ya mkanda wa chini kila upande, akavuta. Umbo la nane. Fundo akaliweka mbele, juu ya kamba za kiatu, pasipobana mshipa. Akamwambia kijana: ganzi ikiingia, niambie, usijifanye mwanamume.

Halafu akatupanga. Kijana anashuka kwa makalio, uso ukitazama chini ya mlima. Mimi chini yake, namwekea mguu mzima pa kukanyaga. Mwalimu juu yake, ameshika begi lake kwa nyuma. Yeye muuguzi mbele kabisa akichagua njia. Njia tuliyoipanda chini ya saa moja tuliishuka kwa zaidi ya saa mbili. Simu ilikuwa na mtandao mahali pengine, pengine haina. Mbio za shuleni hazikutajwa tena.

Kilichotuokoa siku ile si leso peke yake, ni saa. Tulikuwa tumeanza mapema, kwa hiyo hata baada ya yote hayo tulifika barabarani kungali mchana. Hapa karibu na ikweta jua halichelewi wala haliwahi, mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo, na giza linaingia bila kuaga. Lakini hiyo ni saa ya ufukweni Beau Vallon. Upande wa Victoria mlima uko magharibi yako, jua linakwenda nyuma yake mapema, na chini ya miti saa kumi na moja tayari unapapasa. Sheria yetu sasa ni saa nane: ikifika saa nane mchana popote tulipo, tunageuka, hata kilele kikiwa hatua hamsini. Mwalimu ndiye mwenye saa na hapokei rushwa.

Na mpangilio wa kutembea tumeubadilisha. Zamani mwepesi alikuwa mbele. Sasa mzito anatangulia, na mwenye uzoefu anafunga mkia. Vijana hulalamika kwamba tunakwenda taratibu. Nami nimeona kwamba anayelalamika mwanzoni ndiye anayeshukuru magoti yalipoanza kutetemeka.

Kuna mahali pamoja juu ya barabara ileile ya Sans Souci ambapo hakuna jasho lolote, unashuka kwenye gari na kutembea dakika chache kati ya miti mikubwa iliyopandwa kwa mstari, lakini mimi nachoka pale kuliko Morne Blanc. Ni Mission Lodge. Kuna magofu ya mawe yaliyoota kuvu, na jukwaa la kutazamia ambalo Malkia Elizabeth alinywea chai mwaka 1972. Wageni hupiga picha jukwaani. Magofu yale ni ya Venn's Town, shule iliyoanzishwa na wamishenari wa Church Missionary Society mwaka 1876 kwa ajili ya watoto wa Kiafrika.

Watoto hao walitoka kwetu. Meli za kivita za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini, na kuanzia mwaka 1861 watu waliokutwa ndani walishushwa Mahé, zaidi ya elfu mbili kwa jumla. Walitolewa bara, wakapitishwa pwani ya Waswahili, wakaokolewa, na wakaachwa kwenye kisiwa ambacho hawakukijua. Watoto wao waliletwa huku juu, kwenye baridi na ukungu, wakafunzwa kusoma na dini, na kulima. Mwaka 1889 shule ikafungwa na msitu ukarudi.

Mimi nimekua karibu na Kengeleni. Kengele ile ya Freretown nimeipita kila siku nikienda shule, ile ambayo inasemekana ilikuwa ikipigwa kuwatahadharisha watu waliowekwa huru. Freretown, makazi ya waliookolewa utumwani kule Mombasa, ni kazi ya wamishenari walewale, miaka ileile, 1875. Watu wa jahazi moja wangeweza kugawanyika, ndugu mmoja akashushwa Mombasa na mwenziwe Mahé. Nyanya yangu alikuwa akituonyesha nyumba za watu wa Freretown, tunawajua kwa majina, watoto wao tumecheza nao mpira. Ndugu zao wa huku hawakujulikana kwetu kabisa. Nilipomweleza jambo hili kijana mmoja wa Shelisheli tunayefanya naye kazi, alinitazama muda mrefu, akaniuliza Mombasa kukoje. Tangu hapo kila nikienda likizo ananiagiza picha, si za ufuo, za watu.

Na si wale watoto tu. Waingereza walikifanya kisiwa hiki jela ya wafalme. Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro waliletwa baada ya kukamatwa mwaka 1899. Mwanga alifia hapa mwaka 1903. Prempeh wa Ashanti alikaa tangu 1900 hadi 1924. Hata Khalid bin Barghash wa Zanzibar, yule wa vita ya dakika chache ya mwaka 1896, alipita mikononi mwao akaletwa huku, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Milima hii ninayoipanda kwa raha zangu, wao waliitazama kila asubuhi bila ruhusa ya kuondoka. Kijana wa Kericho alisema kama angefungiwa huku angelima chai ya maana. Mwalimu hakumjibu.

Kilichobaki kwetu sasa ni Trois Frères, mita 699, ule mlima unaoinamia Victoria. Tumeuweka Julai, kusi ikishakolea. Mguu wa kijana umepona, na amesema atakuja kwa sharti moja, dada aje na leso. Dada amesema atakuja nayo kwa sharti moja pia, kwamba kijana atembee nyuma yake na asifungue mdomo mpaka kileleni. Bado wanajadiliana.